Namna ya Kulea Hisia za Mtoto ili Kumkinga na Sonona

Sonona ikitajwa, picha inayotujia wengi ni ya mtu mzima aliyelemewa na madeni, msiba au ndoa iliyovunjika, na ni nadra kumfikiria mtoto wa miaka tisa anayelalamikia tumbo kila Jumapili jioni. Hata wataalamu walichelewa kumwona mtoto huyo. Mwaka 1946 daktari René Spitz alieleza habari za watoto wachanga waliotenganishwa na mama zao katika nusu ya pili ya mwaka wao wa kwanza: walianza kwa kulia bila kubembelezeka, kisha wakanyamaza, wakakosa usingizi, wakapungua uzito, na mwishowe wakawa wanalala wakigeuza nyuso zao pembeni kila walipofikiwa. Pamoja na ushahidi wa namna hiyo, iliendelea kuaminika kwa miaka mingi kwamba nafsi ya mtoto haijakomaa kiasi cha kuugua sonona, na ubishi huo ulianza kumalizika katika miaka ya 1970 tu.

Leo inafahamika kwamba takribani theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na takribani nusu ya matatizo yote kabla ya miaka 18. Maana yake kwa mzazi ni kwamba kazi kubwa ya kinga inaangukia katika miaka ambayo mtoto bado yuko mikononi mwake, anakula mezani pake na kulala chini ya paa lake. Mwongozo huu umejengwa juu ya wazo moja, nalo ni kwamba huzuni ni sehemu ya maisha ya kila mtoto, ila mtoto anayeachwa nayo peke yake kwa muda mrefu ndiye anayekuwa hatarini zaidi. Karibu kila hatua itakayoelezwa hapa inarudi kwenye jambo hilo.

Neno la tahadhari kabla ya kuanza. Sonona huchangiwa na urithi, maradhi ya mwili, misiba, ukatili na mambo mengine ambayo mzazi hawezi kuyadhibiti yote. Mtoto aliyelishwa vizuri anaweza kupata homa ya mapafu, na mtoto aliyependwa na kusikilizwa anaweza kupata sonona. Ikitokea hivyo, hapana fedheha wala kosa la kutafutiwa mwenyewe. Kuna ugonjwa unaotibika.

Hasira inayoficha huzuni

Hatua ya kwanza ni kujua unachokitazama. Kwa mtu mzima alama kuu ya sonona ni huzuni nzito au kukosa raha katika mambo yaliyokuwa yakimfurahisha. Kwa mtoto, miongozo ya kitabibu inakubali kwamba badala ya huzuni unaweza kuona wepesi wa kukasirika: mtoto anafoka kwa sababu ya soksi isiyoonekana, anapiga mlango, anamjibu mdogo wake kwa ukali usiolingana na kosa, na ukimwuliza kulikoni anasema "hamna kitu." Wengine huonyesha kwa mwili, yaani kichwa kinauma, tumbo linauma, miguu inachoka, na daktari akipima haoni sababu. Maumivu hayo ni ya kweli hata pale ambapo chanzo chake hakiko tumboni, na kumwambia mtoto kwamba anajifanya ni kumfunza kuwa hata mwili wake hauaminiki.

Kipimo cha kushika ni mabadiliko na muda. Mtoto aliyekuwa mpole tangu utotoni ana haki ya kuendelea kuwa mpole, na mkorofi kuwa mkorofi. Linalopaswa kukushtua ni mtoto kuacha kuwa yule unayemjua: mchoraji amekwenda wiki mbili hajagusa rangi, mpenda mpira anasema amechoka wenzake wakimwita, mwenye usingizi mzito anakutwa macho usiku wa manane, msomaji mzuri anatazama ukurasa mmoja nusu saa. Wiki mbili za hali ya namna hiyo, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, ndizo wataalamu wanazozitumia kama mpaka wa kuanza kuuliza kama ni sonona. Siku mbili za kununa baada ya kunyimwa simu hazimo katika hesabu hiyo.

Kumbukumbu ya mzazi ina hila zake, kwa maana siku mbaya ya jana hufunika siku nne nzuri zilizotangulia. Kwa hiyo weka daftari dogo mahali ambapo mtoto hafiki, na kila usiku andika mistari mitatu: alilala na kuamka saa ngapi, nini alikikataa, na nini kilimchekesha. Safu ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Ikibaki tupu usiku baada ya usiku, una jambo la kumwonyesha mtaalamu lenye uzito kuliko maelezo ya "siku hizi hayuko sawa."

Kusikiliza, na ugumu wake

Sehemu hii nitaikalia, kwa kuwa ndiyo inayoonekana rahisi na ndiyo inayotushinda. Mwanangu alipokuwa na miaka saba paka wake alikufa. Alikuja jikoni ananitazama bila kusema neno, na mimi, kwa kutovumilia macho yale, nilimwahidi paka mwingine kabla hajatoa hata chozi. Alitikisa kichwa, akaondoka, na hakumtaja tena yule paka kwa miezi. Nilidhani nimemfariji. Nilichokuwa nimemwambia, bila kukusudia, ni kwamba huzuni yake ni tatizo la kuondolewa haraka, na kwamba mimi siwezi kukaa nayo hata dakika moja.

Wengi wetu tunazo njia zetu za kumfungia mtoto mlango kwa nia njema. Tunamwambia "usilie, umeshakuwa mkubwa," au "hilo jambo dogo tu," au "wapo watoto wenye shida kuliko zako." Mtoto wa kiume huongezewa "mwanaume halii," na akiisikia mara kwa mara hujifunza kuiacha huzuni itoke kwa mlango pekee ulioruhusiwa, yaani hasira. Kila moja ya kauli hizo inaweza kuwa na ukweli ndani yake, na bado ikamwachia mtoto funzo lilelile: yanayonisumbua hayana mahali pa kusemwa hapa.

Chukua mfano wa karibu. Mtoto wa miaka tisa anasema, jioni, "Mama, sitaki kwenda shule kesho." Jibu la kwanza linalokuja mdomoni ni "kwa nini tena?" au "utakwenda tu." Lizuie. Endelea na kazi uliyokuwa ukiifanya, tuseme kukunja nguo, mpe na yeye nguo kadhaa za kukunja, kisha sema ulichokiona bila kuuliza: "Naona leo shule imekuwa nzito kwako, mwanangu." Nyamaza hapo. Kimya hicho kitakuwa kirefu kuliko unavyopenda. Pengine atakunja fulana mbili nzima, moja vibaya, ndipo aseme:

"Hawanichagui."

"Kwenye mpira?"

"Kwenye kila kitu. Wanachagua wote, nabaki mimi, halafu mwalimu ndiye ananitia kwenye timu."

"Unabaki peke yako umesimama, na wote wanakutazama."

"Eeh. Na wanasema, 'Basi mchukueni nyie.'"

"Hilo linauma, mwanangu."

Angalia kwamba mpaka hapo mzazi hajatoa ushauri wowote, hajamlaumu mwalimu, hajawatukana watoto wa watu. Amerudisha alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, na mtoto amejua kwamba amesikika. Ushauri una wakati wake, na njia nzuri ya kuufikia ni kuomba ruhusa: "Unataka tufikirie pamoja la kufanya, au unataka nikusikilize tu?" Watoto wengi wakiulizwa hivyo hujua jibu, na mara nyingi jibu ni la pili. Nafasi zinazofaa kwa mazungumzo kama hayo ni zile za kukaa ubavu kwa ubavu, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa mbele: njiani mkitembea, mkiosha vyombo, au kitandani taa ikiwa imezimwa. Mtoto aliyeketishwa kitini ana kwa ana na kuambiwa "niambie kinachokusumbua" hujiona yuko kizimbani.

Kumpa mtoto majina ya hisia

Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hisia kali huku ubongo ukipigwa picha. Waliotakiwa kuitaja hisia kwa jina lake walionyesha kupungua kwa shughuli katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu na tahadhari. Utafiti ule ulifanywa kwa watu wazima, lakini unaafikiana na jambo ambalo walezi wazoefu hulijua: hisia iliyopata jina hushikika.

Lugha yetu haina umaskini katika eneo hili, ila watoto wengi hupewa maneno mawili tu, kufurahi na kukasirika. Mfunze mtoto kwamba kuna majonzi ya kufiwa, upweke wa kukosa mwenza, haya ya kuchekwa, wivu wa kuona mdogo wake anabebwa, kinyongo cha kosa ambalo halijaombewa radhi, fadhaa ya kutojua litakalotokea, na kuvunjika moyo kwa ahadi isiyotimizwa. Kuna tofauti kati ya mtoto anayenuna, ambaye bado anataka umwone, na mtoto anayesononeka, ambaye maumivu yake yamegeukia ndani na hatafuti mtu wa kuyaona. Jina la ugonjwa lenyewe, sonona, lina asili moja na kitenzi hicho.

Usimfanyie darasa. Taja za kwako kwa kiasi, mbele yake, katika mambo ya kawaida: "Leo nimevunjika moyo, nilitarajia jibu na halikuja; nitatembea kidogo kisha nitakuwa sawa." Kwa sentensi moja amepata jina la hisia, sababu yake, na njia ya kuibeba. Kwa mdogo sana tumia mhusika wa hadithi mnayosoma: "Unadhani sungura anajisikiaje sasa hivi?" Kubahatisha kwa ajili ya sungura ni kwepesi kuliko kusema ya moyoni mwako, na mara nyingi sungura huwa na shida zinazofanana ajabu na za msomaji wake.

Kukosea na kurudiana

Mwanasaikolojia Edward Tronick, katika miaka ya 1970, alimwomba mama acheze na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache amtazame kwa uso mkavu usioonyesha chochote. Mtoto alijaribu kila alichokuwa nacho: akatabasamu, akanyoosha mikono, akapiga kelele, aliposhindwa akageuka pembeni na kunywea. Jaribio hilo linafahamika sana kwa sababu ya uchungu wa zile dakika chache. Lakini kazi ya Tronick ina sehemu ya pili ambayo haisemwi vya kutosha, nayo ni kwamba hata mama na mtoto wenye uhusiano mzuri hupishana sehemu kubwa ya muda, na nguvu ya uhusiano hutokana na kurudiana baada ya kupishana.

Hii ni habari njema kwa mzazi aliyefoka asubuhi kwa sababu ya kuchelewa. Hutakiwi kuwa mzazi asiyekosea. Unatakiwa kurudi. Jioni mwambie: "Asubuhi nilikupigia kelele. Nilikuwa na haraka, lakini hukustahili kuambiwa vile. Nisamehe." Ishia hapo, usiongeze "lakini na wewe ungeamka mapema," kwa kuwa hapo radhi inageuka kuwa mashtaka.

Katika nidhamu, kemea tendo na umwache mtu. "Umemwaga maziwa, lete kitambaa" ni amri inayotekelezeka. "Wewe huna akili, kila kitu unaharibu" ni hukumu, na mtoto huihifadhi. Matusi ya kila siku, kumlinganisha na ndugu zake na kumpiga humwongezea mtoto hatari ya matatizo ya hisia, na sijaona manufaa yake yanayoweza kusawazisha gharama hiyo.

Fikra zinazojirudia kichwani

Ukisikiliza kwa muda utaanza kusikia namna mtoto anavyojieleza mambo. Mtoto aliyeshindwa mtihani mmoja wa hesabu anaweza kusema "sikuelewa mgawanyo," au anaweza kusema "mimi ni mjinga, nitashindwa siku zote." Kauli ya kwanza inahusu jambo moja la leo na linalorekebishika. Ya pili imechukua kosa moja ikalitandaza juu ya nafsi nzima na maisha yote, na tabia ya kufikiri hivyo ndiyo wataalamu wa tiba ya fikra na tabia wanayoifanyia kazi kwa wagonjwa wa sonona.

Kumkatalia kwa kumwambia "si kweli, wewe una akili sana" hakusaidii, maana anajua alama alizopata. Chunguza naye kama wapelelezi wawili. Ni maswali gani uliyoyapata? Lile la tatu lilikushinda wapi? Mara ya mwisho ulipodhani hutaweza kitu, ilikuwa nini, na sasa unakiweza? Baiskeli na kuogelea hufaa sana kama ushahidi, kwa sababu mtoto anakumbuka kuanguka na anakumbuka kuweza. Na unapomsifu, sifia alichofanya kwa kukitaja: "Uliifuta ile picha mara tatu mpaka mkono ukakaa sawa" ina maana kubwa kuliko "hodari!" iliyotupwa bila kutazama.

Mpe pia kazi halisi za nyumbani zinazolingana na umri wake, ambazo asipozifanya zitaonekana hazijafanywa. Mtoto anayejua kwamba mimea inanyauka asipoimwagilia ana ushahidi wa kila siku kwamba uwepo wake una maana.

Usingizi na mwili

Hapa maelezo ni mafupi kwa kuwa hesabu zake zinajulikana. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 10 hadi 13 kwa siku kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, usingizi wa mchana ukihesabiwa; saa 9 hadi 12 kwa wa miaka 6 hadi 12; na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa walio na miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili zinazoharakisha pumzi na mapigo ya moyo. Si lazima iwe mazoezi rasmi. Kukimbizana kunatosha, na mchezo usio na mwalimu wala alama una faida ya ziada ya kumfunza mtoto kugombana na kupatana na wenzake.

Simu zilale nje ya chumba cha kulala, ya mzazi ikiwa ya kwanza. Kuhusu mitandao ya kijamii, muda ni sehemu tu ya habari. Uliza pia anachokitazama, anayezungumza naye, na anavyojisikia akiiweka simu chini. Kijana anayeitumia kuzungumza na marafiki wa kweli yuko mahali tofauti na yule anayejilinganisha na nyuso za watu asiowajua mpaka saa saba za usiku.

Shule, misiba na mambo yanayoanguka kwa ghafla

Uonevu wa shuleni ni miongoni mwa vyanzo vya sonona ambavyo mtu mzima anaweza kuvizuia moja kwa moja, na mtoto hana budi kuona unavizuia. Akikuambia anaonewa, mshukuru kwa kusema, andika nani, wapi, lini na mbele ya nani, kisha nenda shuleni na maandishi hayo ukaombe kujua hatua zitakazochukuliwa na siku ya kukutana tena. Kumwambia "na wewe warudishie" ni kumrudishia mzigo ambao ameshakuonyesha kwamba umemshinda. Mwulize kabla hujaenda ni jambo gani anahofia litatokea ukienda. Mara nyingi anajua ukumbi wa shule kuliko unavyoujua wewe.

Katika kifo, mwambie mtoto kwa neno lenyewe kwamba mtu amekufa. Mtoto mdogo akiambiwa babu "amelala" anaweza kuanza kuogopa kulala, na akiambiwa "amesafiri" atangoja. Katika wazazi kutengana, mtoto anahitaji kusikia mambo matatu, na kuyasikia zaidi ya mara moja: hakusababisha, hawezi kurekebisha, na atajua mapema atalala wapi na lini atamwona mzazi wa pili. Asifanywe mjumbe wa kupeleka maneno kati ya nyumba mbili.

Afya ya mzazi mwenyewe

Mtoto wa mzazi mwenye sonona yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuipata, kwa urithi na kwa hali ya nyumba kwa pamoja. Lakini mwaka 2006 Myrna Weissman na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo yanayopaswa kujulikana zaidi: akina mama waliotibiwa sonona wakapona, watoto wao nao walionyesha kupungua kwa matatizo ya akili, ilhali wa akina mama ambao hawakupata nafuu hawakuonyesha hivyo. Kwa hiyo mzazi anayekwenda kutibiwa asijihesabu kuwa anachukua muda wa mtoto. Kama una siku za kuamka na moyo mzito, mwambie mtoto kwa kiasi cha umri wake kwamba unaumwa, kwamba si kwa sababu yake, na kwamba kuna watu wazima wanaokusaidia. Watoto wasipopewa maelezo hujitungia, na katika maelezo yao mwenye kosa huwa ni wao.

Wakati wa kutafuta mtaalamu

Tafuta msaada ikiwa hali imevuka wiki mbili, au imeanza kuvuruga kula, kulala, masomo au urafiki. Anza na daktari wa kawaida, kwa kuwa upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na maradhi mengine yanaweza kuleta uchovu na uzito unaofanana na sonona. Baada ya hapo mtoto anaweza kupelekwa kwa mwanasaikolojia, mshauri nasaha au daktari wa magonjwa ya akili ya watoto. Chukua lile daftari.

Kwa sonona isiyo kali, tiba ya mazungumzo ndiyo huanza. Mtoto mdogo hutibiwa pia kwa michezo na kwa kuwashirikisha wazazi. Kijana hujifunza kutambua fikra zinazomzamisha na kurudi hatua kwa hatua kwenye shughuli alizoziacha. Hali ikiwa nzito zaidi daktari anaweza kuongeza dawa. Fluoxetine ndiyo iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi kwa watoto wenye sonona, na Marekani imeidhinishwa kuanzia umri wa miaka 8. Tangu 2004 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo inataka dawa za aina hiyo ziwe na onyo kwamba baadhi ya watoto na vijana wanaweza kupata mawazo zaidi ya kujiua, hasa mwanzoni au dozi inapobadilishwa. Onyo hilo lina maana ya kumfuatilia mtoto kwa karibu katika wiki hizo, pamoja na kutoacha dawa ghafla bila daktari. Halina maana kwamba kuacha ugonjwa bila tiba ni salama zaidi.

Kuhusu kujiua, wazazi wengi huogopa kuuliza wakidhani swali litampandikizia mtoto wazo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Uliza kwa upole na kwa maneno ya wazi: "Wakati mwingine mtu akiumia sana hutamani asingekuwepo, au hufikiria kujiua. Wewe umewahi kuwaza hivyo?" Akijibu ndiyo, usimkemee wala kumwapisha. Mshukuru, kaa naye, usimwache peke yake, ondoa au fungia dawa, sumu, vitu vyenye makali na silaha, na umfikishe siku hiyohiyo kwenye huduma ya dharura. Zichukulie kwa uzito uleule kauli kama "mngekuwa na raha bila mimi," kugawa vitu anavyovipenda, au makovu ya kujikata anayoyafunika kwa mikono mirefu kwenye joto. Akikuomba iwe siri, mwambie ukweli: siri hii huwezi kuitunza, ila hutaitangaza, na utamwambia ni nani utakayemweleza kabla hujamweleza.

Tiba ikishaanza, mweleze mwalimu mmoja unayemwamini, kwa idhini ya mtoto, ili kazi za shule zipunguzwe kwa muda na awepo mtu wa kumkimbilia darasani kukiwa kuzito. Nafuu haiji kwa mstari ulionyooka; wiki nzuri hufuatwa na siku mbovu, na siku hiyo mbovu haifuti wiki iliyopita. Sonona ina tabia ya kurudi, kwa hiyo mtoto akiwa amepata nafuu, keti naye muandike pamoja, kwa maneno yake, alama tatu za mwanzo alizoziona safari iliyopita na jina la mtu wa kuambiwa. Karatasi hiyo akae nayo yeye, na nakala yake uibandike kwenye jalada la ndani la daftari lako, mbele ya ile mistari mitatu ya kila usiku.